TABO IKITOA MOSHI, TAZAMA KWANZA PAIPU YA KURUDISHA OILI

Somo kwa vikundi vyenye gari la dizeli



Somo letu safari hii ni juu ya paipu moja fupi iliyo chini ya boneti. Haizidi urefu wa mkono wa mtoto, na wenye gari wengi hawajawahi kuitazama hata siku moja. Lakini ikichakaa au ikiziba, inaweza kukinyima kikundi gari lake, na kukifanya kitoe pesa nyingi kununua kitu ambacho hakikuharibika.

Hapa Mfangano magari si mengi. Wengi wetu tunakwenda kwa miguu, kwa bodaboda na kwa mashua. Kwa hiyo gari moja la kikundi hubeba kazi ya magari kumi: sementi ya darasa, magunia ya mahindi, omena kutoka ufuoni, na usiku wa manane mama mwenye uchungu wa kuzaa. Likikwama, spea haiko hapa kisiwani. Lazima mtu avuke hadi Mbita, pengine aendelee hadi Homa Bay au Kisumu, alale huko, arudi. Ndiyo maana tunasema ni vizuri kikundi kijue gari lake, hata kama kazi yenyewe itafanywa na fundi.

JINSI TULIVYOJIFUNZA

Somo hili tulilipata kwa gari letu wenyewe. Ni pikap ya dizeli ya miaka ya 1990, ile yenye maandishi TURBO ubavuni. Ilianza kutoa moshi wa rangi ya samawati tukipanda kilima. Kila Jumamosi tulikuwa tunaongeza oili. Chini ya gari, palipoegeshwa, kulikuwa na doa jeusi.

Tulimwita fundi kutoka ng'ambo. Akatoa mpira wa hewa, akaona oili ndani, akasema tabo imekufa, tutafute shilingi 48,000. Sanduku lilikuwa na 31,000, na hizo tulikuwa tumeziweka kwa ajili ya mabati. Kamati ikakaa. Wengine wakasema tuuze ndama, wengine wakasema tuliuze gari lenyewe kama lilivyo.

Hapo akapita mzee mmoja ambaye ametengeneza injini kwa miaka mingi. Tukamweleza: "Mzee, tabo imekufa."

Akauliza, "Wanangu, mmeiona maiti?"

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alilala chini ya gari, akafungua klipu mbili na bolti mbili, akatoka na kipande cha hosi. Kwa nje kilionekana kizima, kimevimba kidogo tu. Akakipasua kwa kisu. Ndani, ngozi ya mpira ilikuwa imebanduka na kuning'inia kama ulimi, ikaziba njia karibu yote. Ilikuwa hosi ya radieta. Mtu fulani, zamani, aliona hosi ya oili haipatikani akaweka ya maji.

Tulinunua hosi inayofaa, klipu mbili, gasketi, oili mpya na chujio lake. Zote pamoja hazikufika shilingi 8,000. Tabo ni ileile mpaka leo. Mabati yalinunuliwa.

Basi, tuelewe kilichotokea.

TABO NI NINI, NA OILI INAPITA WAPI

Tabo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Ina vipanga viwili juu ya mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha kipanga cha kwanza, na kipanga cha pili kinasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, dizeli inaungua vizuri zaidi, na injini ndogo inapata nguvu ya injini kubwa. Aliyepata hataza ya wazo hili ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Magari madogo ya dizeli yalianza kuuzwa na tabo mwishoni mwa miaka ya 1970, kama vile Mercedes-Benz 300SD ya mwaka 1978. Baadaye zikafuata pikap na magari ya Kijapani tunayoyajua sote.

Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Upande mmoja unaguswa na moshi wenye joto la mamia ya digrii. Kitu pekee kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili.

Oili hiyo inapita hivi:

(a) Inaingia kwa paipu nyembamba, kama penseli. Hapa inasukumwa kwa nguvu na pampu ya oili ya injini.

(b) Inatoka kwa paipu nene, karibu unene wa kidole gumba. Hapa hakuna kitu kinachoisukuma. Inaanguka tu kwa uzito wake mpaka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Sasa shikeni neno hili, maana ndilo somo lote: oili inaingia kwenye tabo kwa nguvu, lakini inatoka kwa uzito wake tu. Tena inatoka ikiwa imechanganyika na hewa, ina povu kama maziwa yanayochemka. Ndiyo maana paipu ya kutokea ni nene. Ikibanwa kidogo, ikipindwa, au ikizibwa na masizi, oili inakosa pa kwenda. Inajaa ndani ya tabo.

Na je, tabo haina sili za kuzuia oili? Inazo, lakini si za mpira. Ni pete nyembamba za chuma. Zinafanya kazi vizuri ikiwa oili inashuka bila kizuizi. Nyumba ya mhimili ikijaa oili, pete hizo haziwezi kuizuia. Inapita upande wa hewa na kuingia kwenye injini, inapita upande wa moshi na kuungua kwenye ekzosi. Hapo unaona moshi wa samawati na kusema tabo imekufa, kumbe imezama.

JARIBIO LA UJI

Kama mna mkutano wa kikundi, fanyeni jaribio hili. Chukueni hosi ya urefu wa mita moja na faneli. Mmoja ashike hosi ikielekea chini moja kwa moja, mwingine amimine uji mwepesi. Utashuka wote. Kisha ilazeni hosi hata ikaribie kulala sawa na ardhi, mmimine tena. Mwisho, ipindeni kidogo katikati mpaka ikunjike. Uji utarudi juu na kumwagika kwenye faneli. Hakuna aliyeharibu faneli. Njia ya chini ndiyo mbaya.

DALILI

Zifuatazo ni dalili za paipu ya kurudisha oili iliyochakaa au kuziba:

1. Moshi wa samawati, hasa gari likiwa limesimama huku injini inanguruma, au mara tu unapokanyaga mafuta baada ya kusimama. Moshi mweusi ni habari nyingine. Huo mara nyingi ni dizeli nyingi au hewa kidogo.

2. Oili kwenye kijiti cha kupimia inapungua kila wiki.

3. Ubavu wa injini chini ya tabo umelowa, na vumbi limeshika hapo kama tope.

4. Harufu ya oili inayoungua ndani ya gari, au moshi mwembamba kutoka chini ya boneti.

Dalili ya nne msiichezee. Oili ikidondokea chuma cha ekzosi kilichopata moto inaweza kuwaka. Gari likifika hapo, lisibebe mtu tena mpaka lirekebishwe.

KABLA YA KUFUNGUA, PIMENI MAMBO MATATU

Kwanza, kimo cha oili. Egesha gari mahali pa tambarare, zima injini, ngoja dakika kumi, kisha pima. Kuna watu wanaojaza oili kupita alama ya juu wakidhani wanaipenda injini. Oili ikipanda sana kwenye sampu inaweza kufika pale paipu inaporudi, na oili ya tabo ikakosa pa kushukia. Ikiwa imezidi, punguzeni.

Pili, upepo wa ndani ya injini. Injini ikiwa inanguruma polepole, legezeni kifuniko cha kujazia oili na kukiweka hapohapo bila kukikaza. Kikitikisika kidogo si neno. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa kishindo, basi ringi za pistoni zimechoka au mpira wa kupumulia wa injini umeziba. Upepo huo unapanda kwenye paipu na kuizuia oili kushuka. Safisheni kwanza mpira wa kupumulia. Kama ni ringi, paipu mpya haitaponya ugonjwa huo.

Tatu, chujio la hewa. Likiwa limejaa vumbi, tabo inanyonya kwa nguvu na kuivuta oili kupita sili. Kwa barabara zetu za vumbi, hili ni jambo la kawaida sana.

VIFAA

Spana na soketi (mara nyingi namba 10, 12 na 14), bisibisi, jeki pamoja na stendi mbili imara, karai, vitambaa, brashi ndogo, mafuta ya taa, waya laini, kisu kisicho na makali ya kupita kiasi, gasketi mpya, hosi mpya na klipu mbili, oili na chujio lake.

Juu ya hosi, msikubali kuuziwa yoyote. Mwambieni mwenye duka: "Nataka hosi ya kurudisha oili ya tabo." Lazima iwe ya kustahimili oili na joto. Hosi ya radieta imetengenezwa kwa maji. Ikikutana na oili moto inavimba, inalainika na kubanduka ndani. Hosi ya kawaida ya silikoni, ile ya rangi nzuri, nayo haifai, maana oili huipenya na kuilainisha. Kama kuna ya gari lenyewe, hiyo ndiyo bora. Pelekeni ya zamani dukani mkalinganishe unene na urefu.

HATUA ZA KAZI

1. Acheni injini ipoe kabisa. Saa tatu au nne si nyingi. Tabo inaunguza vibaya hata baada ya boneti kupoa. Tenganisheni waya wa betri.

2. Ikiwa lazima kuingia chini ya gari, liwekeni juu ya stendi, na magurudumu yaliyobaki chini yazibwe kwa mawe. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Hakuna hosi yenye thamani ya maisha ya mtu.

3. Safisheni nje ya paipu kwa brashi na mafuta ya taa kabla ya kufungua, mchanga usije ukaanguka ndani. Chembe moja ya mchanga inatosha kumaliza mhimili wa tabo.

4. Tieni mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti mbili za tabo, mngoje. Kama bolti haiendi, msishindane nayo. Ikazeni kidogo, ilegezeni kidogo, mtie mafuta tena. Bolti ikikatikia ndani ya tabo, kazi ya asubuhi moja inageuka kuwa ya wiki nzima.

5. Wekeni karai chini, fungueni klipu na bolti, toeni paipu. Zibeni matundu yote mawili kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Hesabuni vitambaa mlivyoweka, na mvihesabu tena mkivitoa.

6. Tazameni ndani ya paipu. Kuna aina mbalimbali. Nyingine ni chuma kitupu chenye gasketi kila upande. Nyingine ni chuma juu na hosi fupi chini. Nyingine, kama katika Mercedes-Benz za zamani za dizeli, zina pete ya mpira pale paipu zinapoungana au zinapoingia kwenye injini. Pete hiyo ikikauka inakuwa ngumu kama plastiki na oili inavuja pembeni. Pete kama hiyo haitengenezwi, inabadilishwa.

7. Kama kuna masizi meusi na magumu, loweka paipu kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kisha pitisheni waya na brashi mpaka muone mwanga upande wa pili. Ioshe kwa maji moto na sabuni, ianikwe ikauke kabisa.

8. Kama chuma kimetoboka au kimepata ufa, kinaweza kuunganishwa kwa shaba na fundi wa jua kali, lakini kikiwa kimetolewa kwenye gari na kuoshwa vizuri. Paipu yenye mabaki ya oili au mafuta ya taa ikipigwa moto inaweza kulipuka. Baada ya kuunganisha, gongeni magamba yote ya ndani yatoke. Kisha zibeni upande mmoja kwa kizibo, jazeni mafuta ya taa, mwache robo saa. Kama nje kubaki kukavu, kazi ni nzuri.

9. Ondoeni gasketi ya zamani taratibu. Gasketi za magari ya zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Ilowesheni kwanza kwa oili, mkwangue kwa kisu, msisugue kavu wala kupuliza.

10. Wekeni gasketi mpya. Mkiikata wenyewe, tumieni karatasi ya gasketi ya kuhimili joto, wala si kadibodi ya katoni. Tundu la gasketi lisiwe dogo kuliko tundu la paipu. Msipake silikoni ya tyubu. Inapobanwa, inatoa ukingo kwa ndani, ukingo unakatika, kipande kinakwenda kuziba njia ileile mliyotoka kuisafisha.

11. Rudisheni paipu. Hakikisheni inashuka wakati wote, bila kupanda mahali popote na bila kukunjika. Kipimo cha watengenezaji wa tabo ni kwamba paipu isiinamie pembeni zaidi ya digrii 35 kutoka kwenye mstari wa wima. Kazeni bolti mojamoja kwa zamu, kidogokidogo. Ni bolti ndogo. Nguvu ya mkono kwa spana fupi inatosha. Hakikisheni hosi haigusi ekzosi.

12. Badilisheni oili na chujio. Oili iliyokaa kwenye tabo iliyoziba imeungua na kubeba masizi.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Hatua hii wengi huiruka, na hapa ndipo tabo nzima huuawa siku ya matengenezo.

Kwanza toeni mipira ya hewa kati ya tabo na injini, na kifaa cha kupoza hewa kama kipo, mwage oili yote iliyokusanyika humo. Oili hiyo ni mafuta kama dizeli. Ikinyonywa kwa wingi, injini inaweza kukimbia yenyewe kwa kasi ya kutisha, na hata ukizima ufunguo haizimi.

Pili, tieni oili safi kidogo kwenye tundu la juu la tabo, mrudishe paipu nyembamba. Tenganisheni waya wa kuzimia ulioko kwenye pampu ya dizeli ili injini isiwake. Rudisheni betri, mzungushe injini kwa ufunguo sekunde kumi, mpumzishe, mrudie, mpaka taa ya oili izime. Hapo mhimili umepata oili. Rudisheni waya.

Tatu, washeni, mwache injini ingurume polepole dakika tatu. Msikanyage mafuta. Mmoja achungulie kwa tochi kama kuna tone. Mwingine asimame na kipande cha ubao bapa karibu na mdomo wa hewa. Injini ikikimbia yenyewe, azibe mdomo huo kwa ubao. Asitumie mkono wala kitambaa. Kama gari ni la gia za kawaida, dereva akanyage breki, aingize gia ya juu, aachie klachi ili injini izimike. Wengine wote wakae mbali.

Msishangae moshi ukiendelea kwa muda. Oili ya zamani bado iko ndani ya ekzosi na lazima iungue. Safari chache zitauondoa. Pimeni oili kila asubuhi kwa wiki moja. Kama haipungui, mshukuruni Mungu.

NA KAMA TABO IMEKUFA KWELI?

Hatusemi kila tabo ni nzima. Mkiwa mmetoa mpira wa hewa na injini imepoa, shikeni ncha ya mhimili kwa vidole. Kucheza kidogo sana kwenda pembeni ni kawaida ikiwa oili haiko. Lakini ukivutika mbele na nyuma kwa namna ya kuonekana, au vipanga vimekwaruza ukuta wa nyumba yake, au kipanga kimevunjika, basi fundi wenu amesema kweli, na hiyo tabo inunuliwe au ifanyiwe ukarabati. Hata hapo, paipu ya kurudisha isafishwe au ibadilishwe siku hiyohiyo. Tabo mpya ikiwekwa juu ya paipu iliyoziba itatoa moshi uleule, na pesa zitakuwa zimekwenda.

Kwa hiyo msigombane na fundi. Mwambieni kwa heshima: "Fundi, kabla hatujanunua, tuoneshe paipu ya kurudisha oili." Fundi mzuri hatakasirika.

OILI CHAFU NA ZIWA LETU

Oili mliyomwaga msiipeleke ufuoni, wala msioshee karai ziwani. Maji hayo ndiyo tunayochota, ndiyo samaki wanamoishi. Tone dogo la oili linatanda juu ya maji kuliko unavyodhani, na oili iliyotumika imebeba chembe za chuma na masumu ya moto. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inakataza kuchafua maji. Iwekeni kwenye dumu lenye kifuniko, mliandike OILI CHAFU, likae mbali na watoto, na lipelekwe ng'ambo kwa gereji inayokusanya. Dumu hilo lisitumike tena kwa maji wala kwa mafuta ya kula.

UTUNZAJI

Kikundi kiwe na daftari la gari, kama lilivyo daftari la pesa. Liandikwe tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa, na jina la aliyepima. Katika kisa chetu, oili ilipungua kwa miezi bila mtu kuandika. Kila dereva aliongeza chake akanyamaza. Kama tungeandika, tungejua mapema.

Oili ibadilishwe kwa wakati uliowekwa na kitabu cha gari. Kwa tabo za zamani, wengi hubadilisha kila kilomita 5,000. Baada ya kupanda kilima na mzigo, dereva asizime injini papo hapo. Aiache ingurume dakika moja au mbili. Akizima ghafla, oili iliyo ndani ya tabo inaungua na kuwa masizi, na masizi hayo ndiyo yanayoziba paipu. Hizo dakika mbili hazigharimu hata kikombe cha dizeli.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari la kikundi ni mali ya wengi, na tumekabidhiwa tulitunze kwa uaminifu. Siku mama atakapobishiwa hodi na uchungu usiku, tusiwe tunatafuta shilingi 48,000 kwa sababu ya hosi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Oili inaingia kwenye tabo kwa nguvu gani, na inatoka kwa nguvu gani? Mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe.

2. Kwa nini tabo nzima inaweza kutoa moshi wa samawati?

3. Taja makosa matatu ambayo fundi anaweza kufanya kwa hosi na gasketi.

4. Nani katika kikundi chetu anapima oili, na anaandika wapi?

5. Dumu letu la oili chafu liko wapi leo?